Maji ya bahari, paneli ya sola na ndoto ya kupikia haidrojeni

Swali limetoka kwa msomaji wa Maweni, Malindi. Anapika mahamri na mbaazi za nazi za kuuza alfajiri. Anasema mtungi wa gesi wa kilo 6 haumfikishi mbali na makaa yamepanda bei. Mwanawe aliye kidato cha tatu ameona video ya mtu aliyetia maji ya chumvi chupani, akatumbukiza vijiko viwili vya stenlesi, akaviunganisha na paneli ya sola, gesi ikatoka na moto ukawaka. Kijana amejaribu nyumbani kwa maji ya bahari na paneli yao ya wati 200. Mapovu yalitoka, maji yakageuka manjano kisha kahawia, na harufu ikawa kali. "Je, mwalimu, twaweza kupikia gesi hii? Na ni salama? Mwanangu asema hata roketi za Ngomeni zilirushwa kwa gesi hiyohiyo."

Dada yangu, salamu za kheri. Kabla ya mengine yote: mwambie kijana asiiwashe tena chupa ile ndani ya nyumba, na yale maji asiyamwage popote, si chooni wala shambani. Sababu utaiona mbele.

Mwanao hakudanganywa kuhusu mapovu. Umeme ukipita majini huyapasua, na upande mmoja hutoka haidrojeni. Jambo hili linajulikana tangu mwaka 1800, Waingereza wawili, William Nicholson na Anthony Carlisle, walipotumia betri ya kwanza ya Volta na kuona gesi mbili zikitoka kwenye maji. Alichodanganywa, au alichoachwa akikisie mwenyewe, ni kwamba gesi hiyo itaivisha mbaazi. Haitaivisha. Na hata tukiiweka hatari kando kwa muda, hesabu peke yake inatosha kuikataa: umeme wa paneli yenu ukiingia moja kwa moja kwenye chungu cha umeme utapika zaidi ya mara tatu ya kile utakachopika ukiugeuza kwanza kuwa haidrojeni.

Hesabu hiyo nataka uione kwa macho yako, maana wanaouza ndoto hii mitandaoni hawaionyeshi kamwe.

Paneli ya wati 200 kwa jua zuri la Malindi huenda ikakupa yuniti moja ya umeme kwa siku, yuniti ileile unayoinunua kwa tokeni. Siku za kusi zenye mawingu itakupa pungufu. Kutengeneza kilo moja ya haidrojeni, mitambo mizuri ya viwandani hula yuniti 50 hadi 55. Mtambo wa nyumbani uliotengenezwa kwa uangalifu tuukadirie yuniti 70, na hapo nimeuhurumia. Basi yuniti yako moja itatoa kama gramu 15. Gramu 15 zikiwa hewani ni lita 180 na kidogo, na mtu akiziona zimejaza mfuko mkubwa atasema ni gesi nyingi. Lakini joto lililomo ni nusu yuniti tu. Uichome chini ya sufuria, nusu ya joto hilo itapotea pembeni, kama inavyopotea kwenye jiko lolote la moto wa wazi. Kinachoingia chunguni ni robo ya yuniti. Robo ya yuniti inachemsha lita 3 za maji kutoka bombani, basi. Jua la siku nzima limekwisha, na mbaazi hazijaanza kulainika.

Umeme uleule ukiingia kwenye jiko la presha la umeme, lile lenye kuta zinazozuia joto, hupoteza kidogo sana. Utachemsha kama lita 10.

Ni sawa na kubadilisha shilingi kuwa yuro, kisha yuro kuwa shilingi tena, katika duka la fedha pale mjini: kila dirisha linakata chake, na unatoka na pesa pungufu bila kununua kitu. Umeme kuwa haidrojeni ni dirisha la kwanza. Haidrojeni kuwa moto ni la pili.

Na hiyo ni kwa mtambo mzuri. Chupa moja ya mwanao haifiki hata hapo. Maji huanza kupasuka kwa volti 1.23, na kwa kazi halisi huhitaji kama volti 2 kwa kila jozi ya bamba (kwa mwanao, vile vijiko viwili). Paneli ya kawaida ya wati 200 inayochaji betri ya volti 12 hufanya kazi vizuri kwenye volti 18 hivi na ampea 11. Ukiiunganisha na chupa moja, ampea zinabaki 11, na kiasi cha gesi hufuata ampea: kila ampea inayopita kwa saa moja hutoa chini kidogo ya nusu lita ya haidrojeni. Kwa hiyo chupa moja itatoa lita 5 kwa saa, hata volti za paneli ziwe nyingi namna gani. Kwa saa tano za jua kali ni lita 25, gramu 2, joto la kuchemsha vikombe viwili vya chai. Ili paneli itumike yote inabidi kupanga vyumba vidogo vya maji nane au tisa, kimoja baada ya kingine, kila kimoja kikiwa na bamba zake na ukuta unaotenganisha gesi mbili. Aliyetengeneza video alitumia chupa moja kwa sababu chupa moja inapendeza kwenye picha.

Sasa uhifadhi, na hapa ndipo kazi yako hasa inapokataa. Wewe unakaanga mahamri alfajiri. Jua halijatoka. Gesi ya jana ingebidi uiweke mahali usiku kucha. Mtungi wako wa kilo 6 una joto la yuniti kama 77. Haidrojeni yenye joto hilo ni kilo 2.3, na bila kuikandamiza inajaza mita 28 za ujazo, yaani chumba cha mita tatu kwa tatu, kutoka sakafuni hadi darini, kimejaa gesi tupu. Kuikandamiza kunahitaji kompresa ya kazi hiyo na mitungi ya kazi hiyo, vitu ambavyo havimo katika karakana zetu. Kompresa ya kujazia magurudumu hewa ikitumiwa kwa haidrojeni ni bomu. Nimeona watu wakipendekeza mipira ya ndani ya magurudumu ya lori. Dada yangu, usikubali. Haidrojeni hupenya kwenye mpira na kwenye maungio, na ndani ya mpira huo tayari pana hewa iliyobaki, kwa hiyo unalala karibu na mchanganyiko ambao uko tayari kulipuka.

Niseme hatari yenyewe ilivyo, kwa sababu watu wengi hulinganisha na gesi ya mtungi wakadhani ni ndugu. Gesi ya kupikia hushika moto ikiwa ni kati ya asilimia 2 na 10 hivi ya hewa; ikizidi hapo haiwaki. Haidrojeni huwaka kuanzia asilimia 4 hadi 75. Karibu kila mchanganyiko unafaa kuwaka. Cheche inayohitajika ni chini ya moja ya kumi ya ile ya gesi ya mtungi. Cheche ndogo ya nguo ya nailoni unapoivua inatosha. Gesi ya mtungi imetiwa dawa ya kunuka makusudi ili uijue inapovuja, lakini haidrojeni haina harufu, haina rangi, na moto wake mchana karibu hauonekani. Mtu ameweka mkono pale akidhani pamezimika.

Halafu moto wake unakimbia. Kwenye hewa, mwali wa haidrojeni husafiri mara kadhaa zaidi ya ule wa gesi ya mtungi. Ndiyo maana kichomeo cha jiko lako hakifai kabisa: mwali utarudi nyuma kupitia matundu, uingie paipuni, uelekee kwenye chupa. Na kama chupa ni moja, vijiko viwili ndani ya maji yaleyale bila ukuta katikati, gesi inayotoka si haidrojeni peke yake. Ni haidrojeni na oksijeni, mbili kwa moja, kipimo kilekile ambacho maji yenyewe yametokana nacho. Mchanganyiko huo hauhitaji hewa ya nje. Ukipata cheche haungui polepole, unapasuka wote kwa mara moja, na chupa ya kioo inakuwa vigae vinavyoruka usoni. Watu huuza mchanganyiko huu kwa jina la HHO na kusema ni nishati mpya. Wengine wanawauzia wenye tuktuk na mashua vifaa vya kuutia kwenye injini ili kupunguza mafuta. Umeme wa kuutengeneza unatoka kwenye injini ileile inayochoma mafuta, kwa hiyo hakuna kinachookolewa.

Nyumba ina maana pia. Haidrojeni ni nyepesi kuliko hewa mara 14, inapanda. Chini ya makuti hupenya ikaenda zake. Chini ya dari la zege hukusanyika pembeni juu, pale pale kwenye taa na nyaya.

Nije kwenye chumvi, maana hili ndilo lililonifanya nikujibu kwa urefu.

Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwa lita. Ukiyapitishia umeme, kwenye kijiko kimoja hutoka haidrojeni, lakini kwenye cha pili hakutoki oksijeni tu kama kitabu cha shule kinavyosema kuhusu maji safi. Sehemu kubwa ya mkondo hutoa klorini kutoka kwenye chumvi. Harufu kali aliyoisikia mwanao ndiyo hiyo, harufu ya dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Klorini ndiyo gesi waliyorushiwa wanajeshi huko Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Ni nzito kuliko hewa mara mbili na nusu, kwa hiyo inashuka na kutanda sakafuni, pale watoto wanapolala kwenye mikeka. Na kwa uzito ni nyingi: mkondo unaotoa gramu moja ya haidrojeni unaweza kutoa hadi gramu 35 za klorini. Fikiria mtambo wa kupikia kila siku, hata huu mdogo wa gramu 15. Mwenye pumu katika nyumba hiyo hataweza kukaa.

Rangi je? Vijiko vya stenlesi vina chuma, kromiamu na mara nyingi nikeli. Kijiko kilichounganishwa na upande chanya katika maji ya chumvi huliwa. Kahawia ni kutu ya chuma. Manjano ndiyo inayonitia hofu, kwa sababu kromiamu ikitoka katika hali hiyo huweza kuwa ile aina yenye sumu inayosababisha saratani. Ndiyo maana nimesema maji yale yasimwagwe. Visima vyetu vya Malindi vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe ulio na nafasi nyingi za kupitisha maji, na kinachomwagwa uani hakichukui muda kufika kwenye ndoo ya jirani.

Viwanda vinavyotengeneza haidrojeni kwa umeme havitumii chumvi. Vingi hutumia maji yaliyosafishwa kabisa, yakitiwa potasiamu haidroksidi ya asilimia 25 hadi 30, na bamba za nikeli. Baadhi ya watu nyumbani huiga kwa kostiki soda, ile ya wapika sabuni. Hiyo haitoi klorini, ni kweli, lakini tone moja jichoni linaweza kumpofusha mtu. Na sufuria zetu za alumini ziogope sana hapa: kostiki ikigusa alumini huila, joto linapanda, na haidrojeni inafoka bila umeme wowote. Sitaki mwanao aipate akafanye majaribio jikoni.

La roketi nimelipenda, kwa hiyo nimpe jibu lake. Roketi zilizopeleka setilaiti angani kutoka jukwaa la San Marco, baharini mbele ya Ngomeni, zilikuwa za aina ya Scout, na Scout ilitumia mafuta magumu, si haidrojeni. Ndizo zilizobeba setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu yetu ya Jamhuri, ambayo ndiyo setilaiti ya kwanza kutengenezwa mahsusi kuchunguza miali ya eksirei angani. Zipo roketi nyingine duniani zinazotumia haidrojeni iliyopozwa hadi ikawa kimiminika, nyuzi 253 chini ya sifuri. Kule wana matangi, wataalamu na uzio, na hakuna anayelala karibu.

Atakuuliza pia mbona serikali yenyewe inasifu haidrojeni. Kenya ilizindua mkakati wake wa haidrojeni ya kijani mwezi Septemba 2023, na mkazo wake mkubwa ni mbolea. Haidrojeni ikiunganishwa na naitrojeni ya hewa hutoa amonia, na amonia ndiyo mama wa mbolea. Afrika si geni katika hilo: Aswan nchini Misri na Kwekwe nchini Zimbabwe walitengeneza mbolea kwa haidrojeni ya umeme wa mabwawa kwa miaka mingi. Hapo haidrojeni ni malighafi isiyo na mbadala rahisi. Kwenye jiko lako mbadala upo na ni bora.

Basi fanya hivi. Mbaazi ndizo zinazokula gesi, kwa sababu zinachemka muda mrefu. Mahamri yanakaangwa haraka. Ziloweke mbaazi usiku, uzipike kwenye jiko la presha la umeme kwa umeme wa Kenya Power. Chungu kimoja hakizidi yuniti moja. Gesi iache kwa karai la mahamri, maana mafuta yanataka moto mkali unaoutawala kwa mkono. Paneli yako ya wati 200 itumie kuchaji betri ya lithiamu ya taa, simu na feni, nayo itakurudishia sehemu kubwa ya umeme uliotiwa mchana, usiku na alfajiri unapouhitaji, jambo ambalo haidrojeni haiwezi. Ukija kuongeza paneli nyingine mbili tatu na betri kubwa, ndipo tuzungumze kuhusu kupika kwa jua. Na kama una ndugu huko Ganda au Kakoneni wenye ng'ombe wa zizini, gesi ya samadi ni kitu cha kweli kinachopika kila siku, waulize.

Udadisi wa kijana usiuzime. Mpe jaribio dogo linalofaa. Betri ndogo ya volti 9, penseli mbili zilizochongwa pande zote ili grafiti iwe ndiyo bamba, bilauri ya maji ya betri yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta (awe mwangalifu asipewe asidi ya betri, ni chupa zinazofanana), na kijiko kimoja cha chai cha magadi ya kuokea, si chumvi. Maji ya kisima hapa yasitumike, yana chumvi na chokaa. Majaribio hayo ayafanyie nje barazani, akivaa miwani ya maabara, na ncha za penseli zikiwa chini ya tyubu mbili za maabara zilizojazwa maji na kupinduliwa. Kwa ampea 0.1 tyubu ya mililita 20 itajaa haidrojeni kwa karibu nusu saa, na ya oksijeni itakuwa na pungufu ya nusu yake, kwa sababu oksijeni kiasi hunywewa na maji na kiasi hula grafiti ya penseli. Hapo ana swali zuri la kumpelekea mwalimu wake: kwa nini kitabu kinasema mbili kwa moja na mimi nimepata zaidi? Akitaka kuipima haidrojeni kwa kibiriti, iwe tyubu moja tu, iliyoondolewa mbali na betri, mdomo wake ukielekea pasipo na mtu. Italia "pop" ndogo. Chupa kubwa, kamwe. Na asithubutu kuunganisha umeme wa ukutani kwa njia yoyote, hata kama video inaonyesha; volti 240 kwenye maji ya chumvi hazimpi mtu nafasi ya pili.

Yale maji ya manjano yaliyobaki yaacheni nje kivulini, chupa ikiwa wazi, mbali na watoto na kuku, mpaka harufu ya klorini iishe. Kisha kwa glavu za mpira yamiminwe pamoja na mashapo yake kwenye chupa ya plastiki, ifungwe, iandikwe SUMU kwa kalamu nzito, na kijana aipeleke kwa mwalimu wake wa kemia na kumweleza imetokana na nini. Maabara ya shule kwa kawaida huwa na feri salfeti, na hiyo huigeuza kromiamu mbaya kuwa ile isiyo na madhara makubwa, ikatulia chini kama tope. Vile vijiko viwili visirudi jikoni.